Mgomba wa Mjumbe

Asubuhi ile nilifunga mlango wa chumba nilichokuwa nimepanga Kitendaguro, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake. Aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia sijui, naye hakushangaa. Tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita nimekuwa mtu wa kuondoka hivyo. Miguu ikianza kuwasha, naifuata. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Ukungu ulikuwa umekaa ndani ya vibanja, yale mashamba yanayozunguka nyumba za huku, na migomba ilikuwa bado inadondosha maji pande zote za njia ingawa angani hapakuwa na mvua tena.

Kwenye mteremko wa kuingia mjini nilikuta pikapu imeegeshwa pembeni. Dereva na mwanamume mmoja aliyevaa koti la suti walikuwa wanahangaika na kiti kilichoteleza kutoka juu ya viroba vya mchele na sukari. Kilikuwa kiti kipya cha mninga, chenye mikono na mgongo mrefu, bado kimefungwa nailoni. Niliwasaidia kukipandisha.

"Unaelekea wapi?" mwenye koti aliniuliza.

"Popote."

"Popote ya leo ni Muleba. Panda ushike hiki kiti kisichubuke. Ni cha mheshimiwa."

"Mheshimiwa mwenyewe yuko wapi?"

Dereva alicheka. Mwenye koti hakucheka. "Anakuja," alisema.

Basi nilikaa juu ya kiroba cha mchele, mkono mmoja kwenye mkono wa kiti. Gari lilipoongeza mwendo upepo uliingia ndani ya ile nailoni, ikawa inajaa na kunywea, inajaa na kunywea. Nilijaribu kutoitazama. Watu wa njiani hawakunitazama mimi, walikitazama kiti. Bibi mmoja aliyebeba mkungu kichwani alisimama pembeni kutupisha, akakunja magoti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa huku wakimwamkia mkubwa. Nilijua salamu ile haikuwa yangu.

Kemondo tulisimama kunywa chai. Hapo mwenye koti alichangamka, akanieleza kazi yao, maana mimi nikianza kuuliza siachi. Kulikuwa na Umoja wa wavuvi wa nchi tatu zinazolizunguka ziwa. Kila mwalo, yaani kila kituo cha boti za uvuvi, una mjumbe wake, na wajumbe wote walikuwa wanakuja Bukoba Jumamosi ile kuchagua uongozi mpya. Safari hii uenyekiti ulikuwa zamu ya Tanzania. Watanzania wawili walikuwa wanaugombea, mmoja mwenye maboti na mwingine mwenye mtambo wa barafu. Yeye na dereva walikuwa watu wa mwenye maboti.

"Waganda wako na sisi," alisema, akihesabu kwa vidole kwenye ukingo wa meza. "Wakenya wako na wale. Sisi wenyewe nyumbani tumegawanyika katikati kabisa. Imebaki Goziba. Kura ya kisiwa ikija kwetu, tumemaliza."

"Na mjumbe wa Goziba anasemaje?"

"Mjumbe yuko safarini. Lakini ni wetu."

"Safarini mbali sana," dereva aliongeza, akakanyagwa mguu chini ya meza. Nilihisi meza ikitikisika.

Mwenye koti alikuwa na simu mbili. Ya kwanza kubwa, ya kung'aa. Ya pili ilikuwa imepasuka kioo kwenye kona, na alipoiwasha niliona picha ya mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani, amesimama kando ya jamvi la kahawa. Mtu akiandika karibu yangu mimi nasoma. Sina adabu ya kugeuka pembeni. Kwenye kundi la wajumbe aliandika neno moja kwa ile simu iliyopasuka: *Nipo.* Majibu yalimiminika. Hongera mjumbe. Tuko pamoja mjumbe. Tulihofu mjumbe. Akazima kioo chake, akairudisha ndani ya koti, akaomba chapati nyingine.

Muleba tuliacha lami, tukashuka njia ya udongo kuelekea vijiji vinavyotazama ziwa. Kabla hatujaifikia nyumba tuliyokuwa tunaiendea niliona kibanja chake. Mhaya anafagia kibanja chake kama chumba cha kulala. Hiki kilikuwa na majani mpaka magotini. Matawi makavu ya migomba yalikuwa yananing'inia bila kukatwa, mikungu iliyoiva ilikuwa imeangusha migomba yake na kuozea palepale, na hakuna aliyeigusa. Majembe yote ya nyumba yalikuwa yamechomekwa kwenye paa la jiko, mipini nje.

Uani wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kama watu wa msibani. Lakini hapakuwa na kilio, wala kaburi.

"Kuna nini hapa?" nilimwuliza niliyekaa naye.

Alinijibu kwa sauti ya chini, akitazama mbele. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mjumbe wa Goziba. Alitoka kisiwani kwenda kuvua, dhoruba ikampata, mtumbwi ukaonekana umepinduka na yeye hakuonekana. Mwili ukikosekana, huku watu hukata mgomba wenye urefu wa marehemu, wakauvisha sanda na kuuzika ndani ya kibanja, na mambo yakaisha. Lakini mpaka uzikwe, hakuna wa nyumba ile wala jirani wa karibu anayeruhusiwa kulima. Na huu haukuwa umezikwa.

"Kwa nini?"

"Mke wake hakubali. Anaandikiwa."

"Na nani?"

"Na mume wake," alisema, akaamka akaenda kukaa benchi lingine.

Mwenye koti alikuwa ameshashusha mchele na sukari. Kile kiti alikipeleka mwenyewe mpaka barazani, akakiweka kutazama njia, akachana nailoni. Mabenchi yalikuwa yamejaa na wengine walikuwa wamesimama, lakini hakuna aliyekikaribia. Baba wa mjumbe, mzee mrefu aliyekonda, alikizunguka akikitazama.

"Kaboneka, tata," mwenye koti alimwamkia kwa heshima. "Ni cha mwanao. Wajumbe wote wanakalia viti vya namna hii mkutanoni. Tunachoomba ni ukoo useme tu kwamba yuko safarini, na kwamba mimi nitamsemea Jumamosi. Katiba ya Umoja inaruhusu. Akifa ndipo kiti kinabaki wazi mpaka mwalo uchague mwingine. Lakini hajafa."

"Nani alikupa mdomo wa mwanangu?"

Mwenye koti alifungua kifungo kimoja cha shati, akaweka kiganja tumboni, karibu na kitovu.

"Tulifanya omukago, tata. Mimi na yeye. Kisiwani."

Mahali pengine neno lile lingepita. Pale halikupita. Omukago ni udugu wa damu. Tunda moja la kahawa lina buni mbili. Wawili wanachanjwa tumboni, kila mmoja anaipaka buni yake damu, na mwenzake anaimeza. Baada ya hapo nyumba ya huyu ni ya yule. Anayeusaliti, tumbo linavimba mpaka limwue. Nimewahi kukutana na watu wenye digrii wasiomwogopa Mungu lakini wanaliogopa hilo. Mzee alisema taratibu, "Sikujua," akaenda kukaa.

Hapo ndipo lilipoingia gari la upande wa pili.

Lilikuwa lori dogo la dagaa, na nyuma lilibeba jeneza. Aliyeshuka mbele alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa samaki, wakala wa yule mgombea wa barafu. Alipiga magoti, akamwamkia mzee, kisha akainuka, akamwona mwenye koti.

"Ee! Wewe umeleta kiti?"

"Na wewe umeleta sanduku."

"Mimi namletea marehemu anachohitaji. Wewe unamletea anachohitaji bosi wako."

"Marehemu gani? Ameandika leo asubuhi."

"Kaandikia wapi, waitu? Huko chini samaki wamefunga mnara?"

Watu walicheka, wakajizuia. Kicheko kilikatika vibaya. Jeneza lilishushwa, likawekwa juu ya stuli mbili chini ya ukingo wa baraza, mita chache kutoka kwenye kiti. Nakumbuka jinsi vilivyokuwa vinatazamana. Mpaka leo sijui kipi kilinitisha zaidi.

Nilikimbilia jikoni. Nyumba ikiwa na wageni wengi daima kuna ndizi za kumenya, na mtu anayemenya haulizwi yeye ni nani. Wanawake walinipa kisu na kigoda. Aliyekaa mbele yangu alikuwa na kitambaa cha bluu kichwani. Nilimenya ndizi kadhaa kabla ya kuamini macho yangu.

Alikuwa anaongea na mwenzake, polepole. "Jana aliandika ana kazi. Nikamwuliza kazi gani, akanyamaza. Nikamwambia watoto wanauliza. Akaandika, nipo. Mtu wangu hakuwa anaongea hivyo. Lakini nitamzikaje mtu anayesema yupo? Nikimzika mzima, si nitakuwa nimemwua mimi?" Alitazama nje kwenye majani. "Na maharage hayajapandwa. Mvua inapita. Nikilima, nimemkana. Nisipolima, watoto watakula nini?"

Sikupanga kusema. Nilisema tu, huku namenya.

"Mama, simu ya mumeo ilikuwa na ufa kwenye kona?"

Kisu chake kilisimama. "Aliiacha inachajiwa dukani, mwaloni. Hawaendi nazo majini. Tulipoifuata hatukuikuta."

"Ina picha yako. Umesimama kando ya jamvi la kahawa."

"Umeiona wapi?"

"Kwenye koti la yule aliyeleta kiti. Leo asubuhi, Kemondo. Yeye ndiye aliyeandika nipo."

Yule mwenzake alishika mdomo. Mwenye kitambaa cha bluu alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitia kwenye sufuria, akachukua nyingine, akaimaliza na hiyo. Machozi yalikuwa yanashuka huku anaendelea kumenya. Nilidhani atatoka kupiga kelele, na nje pale, kwa pande mbili zile, kelele zingegeuka vita, na mume wake angebaki juu ya maji bila kuzikwa. Nadhani aliliona hilo kabla yangu. Aliosha mikono, akausugua ule utomvu wa ndizi uliokuwa umemganda vidoleni kwa majani makavu mpaka ukatoka, akatoka nje.

Alipiga magoti mbele ya mwenye koti, pale uani, mbele ya wote.

"Kaboneka, shemeji."

"Mangunu," aliitikia, amefurahi.

"Nimesikia uliyomwambia baba. Unisamehe, sikujua kama mume wangu alikuwa na ndugu wa omukago. Tumekaa hapa tukiteseka, kumbe mwenye kazi yuko."

"Kazi gani, shemeji?"

"Mwili ukikosekana, si ndugu wa damu ndiye anayekata mgomba? Tumbo lako lina damu yake. Wewe ndiye mwili wake uliobaki. Tulikuwa tunakungoja bila kujua."

Mzee aliinua kichwa. "Kweli," alisema. "Kabla ya mimi, ni yeye."

Mwenye koti alitabasamu huku na huku. "Lakini ni mzima! Wewe mwenyewe unapata ujumbe wake."

"Nimepata. Na kama ni mzima atanisamehe. Mgomba ukikatwa unachipua mwingine. Atakuta nimeharibu mgomba mmoja tu."

"Subirini Jumamosi ipite. Jumatatu nitakata hata kumi."

"Jumamosi ni ya Umoja, shemeji. Leo ni ya kwetu." Bado alikuwa amepiga magoti. "Au hamkufanya? Kama hamkufanya, sema hapa, tutamtafuta mwingine wa kukata."

Yule mama wa lori la dagaa alikohoa. "Sema, kaka. Sisi wote ni wana wa Umoja hapa."

Nilimwona akipiga hesabu. Akikana omukago, hana mdomo wa mjumbe na kura imepotea. Akiukubali, anakata mgomba, mjumbe anakufa, na kura imepotea vilevile. Lakini kulikuwa na hesabu nyingine iliyokuwa inafanyika usoni pake, na ile haikuwa ya Bukoba wala ya Jumamosi. Alikuwa mtoto wa hukuhuku. Alikuwa amelitaja neno lile mbele ya baba mtu, kiganja kikiwa tumboni.

"Bosi, twende zetu," dereva alimnong'oneza.

Hakwenda. Mzee alikuwa ameshampa panga.

Mgomba uliochaguliwa ulikuwa nyuma ya nyumba. Mzee aliupima kwa suruali ya mwanawe, akaweka alama kwa ukucha. Mwenye koti alikata. Maji ya mgomba yalimrukia mikononi na kwenye pindo za mikono ya shati, meupe kwanza, na muda mfupi baadaye yakawa meusi. Utomvu ule hautoki nguoni. Waliuvisha shati la mjumbe, kisha sanda. Katekista aliyeitwa kutoka kijiji cha pili aligeuka kutazama ziwa wakati wanaufunga, na ulipokwisha kuonekana kama mtu, akageuka kuongoza sala. Jeneza la upande wa barafu lilitosha kabisa. Watu walishtuka walipolibeba. Mgomba ni mzito ukiwa na maji, kila mkulima anajua, lakini nilibeba kona moja na nasema uzito ule ulikuwa unahamahama, kama mtu anayejiweka vizuri.

Kaburini, kabla jeneza halijafunikwa, mjane aliomba kifuniko kisubiri.

"Shemeji," alisema, kwa upole uleule. "Chochote chake ulicho nacho, mpe aende nacho."

Mwenye koti aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile simu yenye ufa, akainama, akaiweka juu ya sanda, mahali ambapo kingekuwa kifua. Hakuna aliyeuliza. Kifuniko kilipigiliwa. Lilipofika chini na udongo wa kwanza ukatupwa, tulisikia ubao unanguruma. Ukanyamaza, ukanguruma tena. Bila shaka ni wajumbe, kila mmoja kutoka mwalo wake katika nchi tatu, wanamwandikia kuulizia Jumamosi. Waliokuwa na makoleo walisimama. "Endeleeni," mjane alisema. Waliendelea, na ngurumo ile iliendelea kutufikia kupitia udongo, ikififia, mpaka sikuweza kujua kama bado naisikia.

Wakati watu wananawa mikono, mjane alikwenda kwenye paa la jiko, akachomoa jembe, akaanza na majani yaliyokuwa karibu na mlango. Hakungoja hata kesho.

Mzee aliuliza nani atapeleka habari kisiwani. Mwalo nao ulikuwa unamngoja. Nyavu zake na chumba chake vilikuwa vimekaa bila kuguswa. Wanaume walitazama chini. Mjane alinitazama mimi, akiwa ameegemea mpini.

"Wewe hukuwa na pa kwenda," alisema. "Basi nenda huko. Mwambie mama mwenye vyumba, yule aliyempangisha, kwamba amezikwa kwao."

Ziwa lilichafuka, boti zikakataa kuondoka, nikakaa mwaloni nikisaidia kupanga matenga mpaka Umoja ulipokuwa umeshachagua. Habari zililetwa na bodaboda. Bila kura ya kisiwa pande mbili zilitoka sawa. Wakajifungia hotelini, wakatoka na mapatano: mwenye maboti ataongoza nusu ya kwanza ya kipindi, mwenye barafu nusu ya pili, na Waganda na Wakenya wakapewa unaibu na ukatibu ili wanyamaze. Nilimwuliza bodaboda kama alimwona mtu mwenye koti la suti. Alisema alimwona amekaa nyuma ya ukumbi, hakupiga makofi, mkono mmoja ndani ya shati.

Tulivuka siku ya jua kali. Goziba niliiona kwanza kama mwanga, mabati yaliyobanana mpaka ukingoni, kisha ikanifikia harufu ya dagaa. Mchana ule nilimpata mama mwenye vyumba akipepeta mchele nyuma ya mgahawa wake, mwanamke wa Ukerewe, mfupi, mwenye sauti nzito. Nilimpa salamu nilizotumwa. Aliweka ungo chini.

"Wamemzika?"

"Mgomba."

"Nani alikata?"

"Ndugu yake wa omukago."

Alinikazia macho. "Mjumbe alikula kwangu miaka yote. Mambo ya kuchanjana aliyakataa, alikuwa anawacheka wanaofanya. Hakuwa na ndugu wa damu."

Nilimweleza yote, kiti, jeneza, simu, na mkono tumboni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi sasa anaye," alisema.

Nilimwomba mahali pa kulala. Alisema vyumba vimejaa kasoro kimoja, na hicho hakuwa anampa mtu. Wageni wawili waliwahi kukiomba akawafukuza, maana huwezi kupangisha chumba cha mtu ambaye hajulikani yuko wapi. Alifungua kufuli iliyoanza kushika kutu, akasukuma dirisha la bati, akageuza godoro. Upande wa chini nao ulikuwa na shimo la mwili. Alilitazama, akalipigapiga kwa kiganja bila kufanikiwa kulisawazisha.

"Yeye alikuwa analala upande wa ukutani," alisema. "Wewe lala huku, upande wa mlango."

Niliweka mfuko wangu upande wa mlango.